Darubini Zilizopita kwa Marsiana

Wifi yangu Marsiana hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Maharage yakiwa hayajaiva alisema hayajaiva, na kama aliyeyapika ni mimi, niliyeolewa na kaka yake juzi tu, alisema vilevile. Mwanzoni nilimchukia. Baadaye nilimzoea, na sasa nikikaa na watu wanaosifia kila kitu nachoka upesi.

Alizaliwa Mwazye, kwa wakulima wa ulezi na mahindi. Alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wasichana wenzake walifumba macho bunduki zikilia; yeye aliyafumbua zaidi. Akatoka huko na sifa ya shabaha, na ofisi ya wanyamapori hapa Sumbawanga ikamchukua kutunza ghala la silaha. Bunduki zilizokwenda bondeni, huko chini kwenye ziwa, kufukuza viboko na simba walioingia vijijini zilirudi kwake. Alizisafisha, alizipiga uwanjani kuona kama bado zinakwenda sawa, na zile zenye darubini alizikagua darubini zake.

Darubini ya bunduki ni bomba fupi lenye vioo, linafungwa juu ya mtutu. Ukichungulia, mnyama wa mbali anakuja karibu, na katikati ya kioo kuna nyuzi mbili zilizopishana kama msalaba. Pale unapouweka msalaba ndipo risasi inapotakiwa kwenda. Ikiwa darubini ni mbovu, wewe unauona msalaba umetulia kwenye moyo wa mnyama, na risasi inakwenda tumboni au mguuni. Marsiana alisema mtu asiye na darubini anajua kwamba haoni vizuri, kwa hiyo anajihadhari. Mwenye darubini mbovu anadhani anaona.

Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Hakulia. Alirudi nyumbani na bisibisi zake zimefungwa kwenye kitambaa, akakaa barazani siku nzima akiangalia barabara. Jirani alipomwambia ni mapenzi ya Mungu, alimjibu kwamba Mungu hakuwahi kufanya kazi pale ofisini.

Lakini watu walimjua. Kampuni za uwindaji wa watalii zilikuwa zimeanza kushuka bondeni, na wenye bunduki za kibali mjini na vijijini waliongezeka. Wakaanza kuja nyumbani kwetu Chanji, kila mmoja na darubini yake na bunduki yake begani, bunduki asiyoiacha kwa mtu.

Kwanza aliitazama darubini peke yake. Alisimama mlangoni akaielekeza kwenye milima ya Mbizi, akatafuta mti mkavu uliosimama peke yake angani. "Katikati ya kioo kila darubini ni nzuri," aliniambia. "Mwongo hujificha pembeni." Matawi ya pembeni yakiwa na ukungu, au yameota ukingo wa rangi ya zambarau, alikunja uso. Kisha alingoja jua lizame aangalie tena, maana simba hamsubiri mtu mchana kweupe. Kioo kizuri bado kinakuonyesha gome la mti wakati macho yako matupu yanaona kivuli tu. Kisha aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Viputo vikitoka kwenye maungio, basi hewa inatoka, na panapotoka hewa unyevu huingia. Darubini ya namna hiyo ukishuka nayo kwenye joto la ziwa inakunywa mvuke, na alfajiri penye baridi kioo kinaingia ukungu kwa ndani. Ukungu wa ndani huwezi kuupangusa kwa shati.

Mwisho yeye na mwenye bunduki walikwenda uwanja wa shabaha. Bunduki ililazwa juu ya mifuko ya mchanga, akasogeza jicho lake kushoto na kulia bila kuigusa. Msalaba ukicheza juu ya shabaha wakati bunduki imetulia, ilikuwa dosari. Akapiga. Akazungusha skrubu za darubini, risasi zikapanda. Akazungusha, zikaenda kulia. Akazishusha, akazirudisha kushoto. Darubini ya kweli inarudi ilikotoka, na risasi ya mwisho inakaa jirani na ya kwanza. Isiporudi, alimpa mwenyewe na kumwambia akatazamie nayo kuku wake.

Wengine walikasirika. Alikuwa mkali mno, na mimi mwenyewe nilimwambia hivyo. "Wifi," alinijibu, "mtu anakwenda kusimama mbele ya nyati na kitu hiki. Unataka nimbembeleze?"

Ipyana alikuja kwetu mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Mbeya, ana duka karibu na soko, la redio, tochi, saa na nguo za mitumba. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi yeye hakulala. Kila lori lililotoka Tunduma lilikuwa na mzigo wake. Alikuwa mtu wa tabasamu na mkono laini. Siku hiyo alileta boksi la darubini mpya za bunduki, nyeusi, zimeng'arishwa, zina maandishi ya dhahabu ubavuni. Darubini si bunduki, haina risasi, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kibali wakati anaziingiza.

"Dada Marsiana, nitazamie hizi," alisema. "Nasikia bila neno lako hakuna anayenunua."

Marsiana alichukua moja, akaipitisha njia yote ile. Kesho yake mteja mmoja aliyekuwepo alikubali ifungwe kwenye bunduki yake kubwa, na wote wakaenda uwanjani, nami nikafuata na chupa ya chai. Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Zilizofuata zilianza kutangatanga kama mlevi anayetafuta mlango. Marsiana aliifungua darubini, akaitikisa karibu na sikio, kisha akamkabidhi Ipyana.

"Hizi zimetengenezwa kwa bunduki ndogo za kupigia ndege," alisema. "Ndani mna springi laini. Bunduki kubwa inapiga teke kama punda. Inavumilia mara moja, mbili, kisha msalaba unahama na wewe huoni kwamba umehama. Halafu inakulazimisha uweke jicho karibu mno. Bunduki ikirudi nyuma, chuma kinampasua mtu hapa." Akagusa juu ya nyusi. "Zirudishe ulikozitoa."

"Zote?"

"Zote. Usimuuzie mtu hata moja."

"Sawa, dada. Nimekuelewa." Akamshukuru, akabeba boksi lake, akaondoka. Sisi tukasahau.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa siku alipokuja Masunga. Nilikuwa napepeta ulezi uani nikamwona mtu mrefu amesimama nje ya ua, ana shuka na viatu vya matairi, anaegemea baiskeli. Alikuwa Msukuma wa Milepa, mmoja wa wale waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Juu ya jicho lake la kulia palikuwa na kidonda kilichoanza kupona, kimekatwa kama mwezi mchanga. Marsiana alitoka ndani, akakiona kile kidonda kabla hajaitikia salamu, na nikamwona anasimama ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimetoka hospitali, kumwona mdogo wangu. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, halafu nitakwenda."

"Uliza."

"Kwa nini ulisema ni nzuri?"

Masunga akafungua kitambaa, akatoa darubini nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, akaiweka juu ya kinu.

Akaeleza taratibu, bila kupandisha sauti. Simba alikuwa anaingia zizini. Yeye ana bunduki ya kibali, na kwa miaka mingi aliipigia kwa alama zake za chuma za juu ya mtutu tu. Akaja mjini kununua dawa za mifugo, akaiona darubini dukani kwa Ipyana. Akauliza kama ni imara. Ipyana akamwambia, hizi zimepita kwa Mama Marsiana. Jina hilo Masunga alilijua. Bondeni walisema mama huyo anaweza kukukatalia hata darubini ya mzungu. Akanunua. Alipoijaribu kijijini ilimpasua uso, akadhani kosa ni lake kwa kuwa hajaizoea. Simba aliporudi alimwona wazi, msalaba ukiwa nyuma ya bega. Akapiga. Simba akaanguka, akaingia kwenye matete. Mdogo wake, Malimi, akasema amekufa, nimeona ameanguka. Akatangulia na mkuki. Risasi ilikuwa imevunja mguu wa nyuma tu.

"Mkono wamekata juu hapa," Masunga alisema, akajishika karibu na bega. "Ni mkono wa kulia. Ana watoto wadogo. Sikuja kugombana na wewe, mama. Nataka tu kujua uliona nini ukasema ni nzuri."

Nilimjua wifi yangu akiwa amekasirika. Siku zake nyingi zilikuwa hivyo. Lakini sura ile sikuwahi kuiona. Alimwambia, kwa sauti ndogo, aliyoyasema kwa Ipyana siku ile, neno kwa neno, nami nikasema nilikuwepo, nilisikia. Masunga alitutazama kwa zamu. Kisha akakaa chini, juu ya udongo mtupu, akaweka mikono kichwani.

"Twende kwanza kwa Malimi," Marsiana alisema.

Hospitali tulimkuta kijana aliyewahi kuwa na nguvu, sasa mashavu yameingia ndani, anatazama dari. Marsiana alijitaja. Malimi aligeuza kichwa, akamtazama.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nilidhani ni mtu mkubwa."

Tulipotoka getini Marsiana alianza kutembea haraka, na mimi na Masunga tukawa karibu tunakimbia nyuma yake hadi sokoni.

Dukani alikuwepo Ipyana na dada yake Violeth, aliyemsaidia kuuza. Darubini zilikuwa zimepangwa kwenye kabati la kioo, kati ya saa na tochi. Wateja wawili walikuwa wanachagua betri.

"Karibu, dada Marsiana," Ipyana alisema.

"Uliwaambia watu kwamba nimezikubali hizi."

Ipyana alimwona Masunga, akaona kile kidonda. Hakubadilika uso. "Mimi? Sikusema umezikubali. Nilisema zimepita kwako. Hazikupita kwako? Zilipita. Ulizishika kwa mikono yako mwenyewe."

Sikuelewa mara moja. Violeth alielewa, maana aliinamisha kichwa.

"Nilikuambia usiuze hata moja," Marsiana alisema.

"Uliniambia, ndiyo. Na mimi nikafikiri. Dada, siku hizi soko ni huria. Sikumfunga mtu kamba anunue. Mwenye macho anachagua. Huyu ndugu angetaka, angekuja kwako akuulize. Si uko hapo Chanji? Pole zake, lakini simba si wangu."

Kama angekana tu, labda tungegombana na kuondoka. Kilichotuchoma ni kwamba alikaa akapanga maneno. Alitafuta neno linaloweza kusimama pande mbili, akalitumia kwa watu waliokuja na jasho lao, na alipoulizwa alilitoa kama mtu anayeonyesha werevu wake. Mimi niliyepepeta ulezi asubuhi ile nilitamani kumrukia.

Kwenye kaunta palikuwa na mzani, maana Violeth aliuza pia sukari. Marsiana alichukua jiwe la mzani, lile kubwa, akavunja kioo cha kabati. Akatoa darubini ya kwanza, akaiweka juu ya kaunta, akaipiga. Akatoa nyingine. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alizivunja kama mtu anayevunja karanga, moja baada ya nyingine, akihakikisha kioo cha mbele kimevunjika na cha nyuma kimevunjika. Ipyana alimshika mkono, Masunga akaja akasimama kati yao, bila kumgusa, akasimama tu, na Masunga ni mtu mrefu. Watu wa sokoni walijaa mlangoni. Violeth alisogeza saa pembeni zisiumie, kisha akafungua droo ya chini, akatoa darubini mbili zilizobaki, akaziweka juu ya kaunta mbele ya Marsiana.

"Violeth," Ipyana alisema.

"Maliza, mama," Violeth alisema.

Polisi walimkuta amekwisha maliza, anafuta vumbi la kioo kwenye vidole.

Kwenye mahakama ya mwanzo hapakuwa na mengi. Hakimu alimwuliza kama alivunja mali ya mlalamikaji. Akasema amevunja. Akaulizwa kama anajuta. Akafikiri, akasema anajutia kioo cha kabati, kwa kuwa kabati halikuwa na kosa. Watu wakacheka, hakimu hakucheka. Masunga aliomba kusema, akaonyesha kidonda, akaanza habari za Malimi. Hakimu alimsikiliza kidogo, akamwambia hayo ni mambo mengine, afungue shauri lake. Akamgeukia Marsiana: alipe fidia na kumwomba radhi mlalamikaji mbele ya mahakama, au aende gerezani.

Mume wangu alikuwa tayari kuuza ng'ombe wetu. Marsiana alimwona anasimama, akamwambia, "Kaka, kaa chini." Kisha akamwambia hakimu kwamba hataweka chochote mkononi mwa mtu yule, wala hatatamka neno radhi akimtazama, maana midomo yake haijazoea. Akapelekwa.

Alikaa gerezani hadi mvua za kwanza. Nilimpelekea chakula siku za kuruhusiwa, naye alikula bila kulalamika, hata ugali ulipokuwa umepoa. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake. Nilipita mbele ya duka la Ipyana nikakuta kabati jipya, kioo kipya, naye mlangoni anasalimia watu, na watu wanamwitikia. Wengine walisema Marsiana ni mwanamke wa fujo, jeshi lilimharibu. Masunga alifungua shauri. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, kisha akaambiwa hakuna sheria inayosema darubini iwe imara kiasi gani. Akarudi Milepa kulima shamba la mdogo wake pamoja na lake.

Siku Marsiana alipotoka, Violeth alikuwa anatusubiri nje ya lango. Alikuwa ameacha duka la kaka yake, anatembeza vitenge vya kuuza. Akapiga goti kidogo, akamsalimu, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye niliyewafungia wateja mizigo. Kuna wengine walionunua kabla. Nawakumbuka sura na wanakotoka."

Marsiana alikuwa amekonda. Nilitaka aende nyumbani aoge, ale. Aliuliza tu, "Wako wapi?"

Walianza Kaengesa, wakashuka bondeni. Masunga aliwapokea huko na baiskeli yake, akawaongoza toka kijiji hadi kijiji. Kila walipofika Violeth alisema, mimi ndiye niliyekuuzia, nimekuja kukwambia ni mbovu. Si rahisi kusema hivyo mlangoni kwa mtu. Mmoja alimfukuza kwa fimbo. Marsiana aliifungua darubini, akaonyesha ubovu wake kwenye bunduki ya mwenyewe, kisha akamfundisha tena kupiga kwa alama za chuma. Wengi walizitoa kwa hiari, wengine kwa matusi. Mzee mmoja alikataa kabisa. Alisema ameinunua, inampendeza, na wageni wakija huwaonyesha twiga wa mbali. Marsiana alibishana naye hadi sauti ikamkauka, akatoka pale, akaketi kando ya njia. Violeth aliniambia ndipo alipomwona analia kwa mara ya kwanza, machozi ya hasira, anayapangusa kwa kiganja kama anayejipiga makofi.

Kabla ya kupanda mlima kurudi walilala kwa Masunga. Malimi alikuwa anajifunza kukamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto, kibuyu amekibana kwa magoti, na ng'ombe hakukubali. Maziwa yalimwagika. Alitukana kwa Kisukuma, akaanza upya. Marsiana alikwenda akamshikia kibuyu. Malimi hakumshukuru wala hakumzuia.

Miaka iliyofuata Ipyana alistawi. Akajenga, akafungua duka la pili, na kampuni za uwindaji zilipoanza kuulizia darubini za maana, akaagiza nzuri kweli, za bei. Sasa akahitaji mtu wa kuzithibitisha. Akamtuma mtu kwetu na maneno matamu: yaliyopita yamepita, aje afanye kazi dukani, atapewa chumba chake na meza yake.

Nilikuwepo. Sikujua atajibu nini, maana maisha yalikuwa magumu na alishaanza kuvaa miwani.

"Mwambie nimesikia," Marsiana alimwambia yule mjumbe. "Nitakuja. Lakini kwanza yeye ashuke Milepa, akae kwa Malimi siku moja tangu asubuhi hadi jioni, amwangalie anavyovaa shati. Halafu aje hapa anieleze alichokiona. Na asitumie mtu."

Mjumbe alisema atamfikishia. Alikuwa kijana mwenye adabu, nadhani alimfikishia. Ipyana hakushuka Milepa, na wifi yangu hakuwahi kuingia tena katika duka lile, hata siku moja mvua ya mawe ilipotukuta sokoni na watu wote wakakimbilia kwenye baraza lake.